Adapta ya Super Famicom: ipi ununue, ipi isiguse kabisa mashine ya Japani

Ukiagiza Super Famicom au Famicom, mashine za gemu za zamani za Nintendo, kutoka Japani, omba ije bila adapta. Ile ya asili, HVC-002 ya Nintendo, ni kifaa kizuri sana kikiwa Osaka. Kikifika Dar es Salaam, Mombasa au Muscat kinageuka mtego. Kibandiko chake kinaonyesha AC100V penye maandishi 入力, yaani upande wa ukutani, na DC10V 850mA penye 出力, upande wa mashine. Soketi zetu zinatoa volti 230 au 240. Kile kibadili plagi kinachouzwa kila duka la vifaa vya umeme kinabadilisha umbo la meno tu, na volti zinapita vilevile zilivyo.

Ukiichomeka hivyo, transfoma ndogo iliyo ndani ya boksi inazidiwa. Kiini chake cha chuma kinashiba sumaku, waya unavuta mkondo kupita uwezo wake, na boksi linakuwa la moto kiasi cha kushindwa kulishika. Wakati huohuo upande wa mashine volti zinapanda zaidi ya maradufu: palipotakiwa 10 panapita 23 na kuendelea. Transfoma nyingi za aina hii zina fyuzi ya joto iliyofichwa katikati ya nyuzi, nayo ikikatika hairudi. Ndiyo maana mara nyingi adapta hufa na mashine ikapona. Mara nyingi, si kila mara.

Basi swali ni nini cha kuweka mahali pake. Zipo adapta nyingi sokoni zinazoingia kwenye tundu la mashine hii bila kulazimishwa, na karibu nusu yake zinaweza kuiua. Tunazipitia hapa, nzuri na mbaya.

Mashine inataka nini

Famicom ya 1983, Super Famicom ya 1990 na Famicom ya AV ya 1993 zote zinatumia HVC-002 ileile. Mahitaji ni manne: umeme wa DC (unaokwenda mwelekeo mmoja), volti 9 au 10, angalau miliampia 850, na pini ya milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani, ambayo hasi iko katikati na chanya iko kwenye ringi ya nje. Hilo la nne ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye madhara makubwa, maana adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati.

Kwa nini volti 9 zinatosha wakati kibandiko kinasema 10? Ndani ya mashine kuna regulata ya 7805, kipande cheusi chenye miguu mitatu kilichofungwa kwenye bati la kupoozea, ambacho kinashusha chochote kinachoingia hadi volti 5. Kinahitaji kama volti 2 juu ya hapo ili kifanye kazi yake, kwa hiyo chini ya 7 kinaanza kuyumba. Kinachozidi kinageuka joto. Tuchukulie mashine inavuta nusu ampia: kwa volti 9, regulata inachoma wati 2, kwa volti 10, wati 2.5, kwa volti 12, wati 3.5. Kwa 12 mashine itawaka na gemu litachezeka, lakini joto ndani ya boksi la plastiki ni karibu maradufu ya lile la 9, na kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme) za zaidi ya miaka 30 zinakaa jirani yake. Hatuipendekezi 12 hata kama ncha zake, hasi na chanya, ziko sahihi.

Ampia, kwa upande mwingine, hazina madhara zikizidi. Adapta ya volti 9 na ampia 2 haisukumi ampia 2 ndani ya mashine. Mashine inachota inachohitaji na nyingine zinabaki ukutani.

Mapacha wawili wa Uingereza

Hapa ndipo watu wengi wanapoponea na wengine wengi wanapoangamia. Mitumba ya elektroniki kutoka Uingereza inakuja na maboksi meusi mazito yenye meno matatu, yanayoingia moja kwa moja kwenye soketi za Kenya, Tanzania na Uganda. Mawili kati yake yanafanana kama shilingi kwa ya pili.

La kwanza ni la Sega, la mashine yake ya gemu, Mega Drive ya kwanza. Linatoa DC volti 9, ampia 1.2, hasi katikati, pini ya 5.5 kwa 2.1. Hilo ni mkombozi: linaiendesha Super Famicom na Famicom bila kubadilisha chochote, na Mega Drive ya kwanza ya Japani pia. Ukilipata zima kwa bei ya mtumba, lichukue. Dosari yake ni umri, na jambo jingine tutakaloligusa chini kuhusu umeme wa jioni.

La pili ni la Nintendo yenyewe, lililouzwa na NES na Super Nintendo za Uingereza. Mantiki inakuambia hili ndilo sahihi: jina lilelile, mashine ni ndugu, pini inaingia. Linatoa volti 9 za AC, ampia 1.3. NES ina daraja la diodi ndani yake linalogeuza AC kuwa DC, kwa hiyo hilo ni lake halali. Super Famicom na Famicom hazikutengenezwa kupokea AC. Umeme unaobadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde unaingia pasipotarajiwa, kapasita ya kwanza inapigwa kinyumenyume, na kwa Super Famicom fyuzi ndogo ya ampia 1.5 iliyolehemewa kwenye bodi inakatika kama una bahati.

Kuyatenganisha ni kazi ya macho tu. Soma mstari wa OUTPUT. Penye alama ya wimbi, ~, au herufi AC, weka chini. Penye mstari mnyoofu wenye vistari vifupi chini yake, ni DC. Kisha tafuta mchoro wa viduara viwili: alama ya kutoa lazima iunganike na nukta ya katikati. Kama kibandiko kimechanika au kimefutika, usinunue mpaka upime.

Adapta ya kinanda cha kanisani

Hii wengi hawaijui na inastahili sifa. Vinanda vya zamani vya Casio vinatumia adapta ya AD-5: DC volti 9, miliampia 850, hasi katikati, pini ileile ya 5.5 kwa 2.1. Ukilinganisha na HVC-002 utaona zimepishana volti moja tu. Ipo kwenye maduka ya vyombo vya muziki, ya asili na ya kuiga, katika toleo la volti 230 au 240. Ya kuiga nayo inafaa, mradi uipime kwanza.

Angalia mambo mawili. Vinanda vipya vya Casio vimehamia adapta nyingine ya volti 9.5 yenye chanya katikati na pini nyembamba zaidi; hiyo haifai. Vya Yamaha vingi ni volti 12 na chanya katikati. Hiyo nayo haifai kabisa. Usimwambie muuzaji “adapta ya kinanda” ukaishia hapo.

Dukani hapohapo kuna adapta za pedali za gitaa. Hizo kwa desturi ni volti 9, hasi katikati, pini sahihi. Tatizo ni ampia: nyingi ni miliampia 200 hadi 500, na hizo zitakupa picha inayofifia au mashine inayojizima. Tafuta iliyoandikwa ampia 1 au zaidi, ambazo zinatengenezwa kwa ajili ya watu wenye pedali kadhaa. Kama pia imeandikwa INPUT 100–240V, umepata kitu bora kuliko vyote vilivyotangulia.

Chaguo letu la kwanza

Adapta mpya ya kielektroniki, ile nyepesi isiyo na transfoma nzito: INPUT 100–240V, OUTPUT DC 9V, ampia 1.5 hadi 2, hasi katikati. Sababu si upya wake. Maboksi mazito ya zamani hayadhibiti volti. Yanagawanya tu kinachoingia. Umeme ukishuka jioni mtaa mzima ukipika, 230 ikawa 180, adapta ya volti 9 ikiwa na mzigo kamili inatoa karibu 7, palepale regulata inapoanza kuyumba. Gemu linaganda, unadhani kaseti ni chafu, unaipuliza, na kaseti haina kosa lolote. Adapta ya kielektroniki inabaki kwenye 9 iwe soketi ina 180 au 245.

Udhaifu wake ni kelele. Zile za bei ya chini kabisa hutupa vichujio ili kupunguza gharama, na matokeo yanaonekana kwenye runinga: mistari ya mshazari inayotambaa polepole juu ya rangi moja, hasa anga la bluu, au mvumo kwenye spika. Zinazotoka kiwanda makini zinakuwa na alama za usalama zilizochapwa vizuri, namba ya modeli inayosomeka, na uzito kidogo mkononi. Boksi jepesi kama ganda tupu lina sehemu pungufu ndani. Msisimko mdogo unapogusa chuma cha waya wa runinga ni kawaida kwa adapta za meno mawili, unatokana na kapasita ya kuzuia kelele. Ukizidi ukawa mshtuko, itoe.

Ukikosa yenye hasi katikati, nunua ya chanya katikati iliyo bora na uigeuze. Kata waya kama sentimita 15 kutoka kwenye pini, adapta ikiwa imechomolewa. Utakuta nyuzi mbili, au uzi mmoja uliozungukwa na nyuzi za shaba. Menya kila upande sentimita moja, vuka: wa huku na wa kule. Tia mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto kabla ya kulehemu (kila fundi ameshawahi kuisahau), lehemu, na acha viungo viwili visiwe usawa mmoja ili visigusane. Kisha pima, halafu bandika kikaratasi kinachosema HASI KATIKATI – SUPER FAMICOM TU. Kikaratasi hicho si mapambo. Siku mtu mwingine nyumbani atakapoitumia kwenye kifaa kingine, ndicho kitakachokiokoa. Asiyetaka kukata anunue kipande cha waya cha kugeuza ncha kutoka duka la vyombo vya muziki.

Za kukataa

Adapta ya ruta, kamera za ulinzi au kisimbuzi: volti 12, chanya katikati, pini ya 5.5 kwa 2.1. Hii ndiyo muuaji namba moja kwetu kwa sababu kila nyumba inayo, na inaingia kwenye tundu kana kwamba ilitengenezwa hapo. Ncha zimegeuka na volti zimezidi, makosa mawili kwa mpigo.

Adapta ya kurekebisha yenye swichi ya volti 3 hadi 12 na vichwa vya kubadilisha: kichwa kinaweza kuchomekwa upande wowote, swichi inasogea ndani ya begi, na zile zinazouzwa barabarani haziwezi kustahimili ampia zilizoandikwa. Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya vichwa vya akiba.

Adapta za gemu za kaseti za Kichina zinazoiga Famicom: dhaifu, na ncha zake hazitabiriki. Ruka.

Vipo pia vile vigeuza umeme vyepesi vya safari vinavyojitapa wati 1600. Vimetengenezwa kwa ajili ya pasi na vikausha nywele. Wimbi lake limekatwakatwa na transfoma haiwezi kuishi nalo. Ukitaka kubaki na HVC-002 kwa mapenzi ya kitu cha asili, chukua transfoma halisi, nzito, ya kushusha 230 hadi 100. Wati 50 zinatosha. Hakikisha ni 100 na siyo 110 au 120: adapta isiyodhibiti volti inapandisha tofauti hiyo hadi kwenye regulata, na kwa 120 ni nyongeza ya asilimia 20. Mzunguko wa hertzi 50 hauna shida, kwa kuwa hata mashariki mwa Japani, Tokyo ikiwemo, ni 50. Ni njia salama, ila ni ghali na inachukua nusu ya meza.

Kupima kabla ya kuchomeka

Mita ya kawaida ya fundi inatosha. Iweke DC 20. Kipimio chekundu ndani ya tundu la pini, cheusi kwenye ringi ya nje. Adapta sahihi itaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba: −9 na kitu. Ikionyesha namba bila alama ya kutoa, ni chanya katikati.

Ikionyesha sifuri au namba inayochezacheza karibu na sifuri, usiseme ni mbovu. Geuza mita iwe AC 20. Ikisoma 9 hadi 12 hapo, umeshika ile ya AC.

Boksi zito la zamani lililoandikwa 9 au 10 litasoma 13 hata 15 likiwa halijabeba mzigo. Hilo ni kawaida na si ugonjwa. Likishaanza kuihudumia mashine linashuka. Adapta ya kielektroniki yenyewe lazima isome 9 au karibu sana nayo hata bila mzigo. Ikisoma 11, irudishe.

Kipimo cha mzigo ndicho kinachoumbua adapta za uongo. Chukua taa ya indiketa ya bodaboda, 12V 10W, iunganishe kwenye pini. Kwa volti 9 inavuta karibu ampia 0.7. Iache dakika mbili huku ukisoma mita: ikibaki juu ya 8.5, adapta ni nzima. Ikishuka chini ya 7, au boksi likaanza kunuka, hata kama limeandikwa ampia 2, ni la kutupa. Usiishike taa.

Madhara yakishatokea

Super Famicom haiwashi taa kabisa: fungua kwa bisibisi maalumu ya milimita 4.5 (Famicom ni ya nyota ya kawaida) na pima fyuzi iliyo karibu na tundu la umeme. Imekatika? Weka nyingine ya ampia 1.5. Kuna mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya. Ukikubali, kosa linalofuata litachoma bodi badala ya fyuzi. Fyuzi nzima na taa bado haiwaki: pima mguu wa kutokea wa 7805, ule wa kulia ukiitazama upande wenye maandishi. Unatakiwa kuona volti 4.9 hadi 5.1. Pakiwa tupu huku mguu wa kushoto una 9, regulata imekwisha, nayo inapatikana kila duka la vipuri na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Ikitoa 5 na mashine bado imekufa, basi chipu zimeguswa, na hapo hesabu ya kununua nyingine huwa nafuu.

Mashine inayojizima waya ukiguswa tatizo lake ni la kimitambo: pini yenye tundu la 2.5 badala ya 2.1 inaingia lakini inalegea, au solda ya tundu imepasuka. Pini nyingine zina shingo nene mno ya plastiki na hazizami mpaka mwisho. Inyoe kidogo kwa kisu.

Mashine nyingine, kwa ufupi

PC Engine nyeupe ya 1987 na Mega Drive ya kwanza ya Japani zinakubali adapta ileile tuliyoichagua. Mega Drive ya pili ni kinyume: volti 10, chanya katikati, pini ndogo. PSone ndogo inataka 7.5. Neo Geo AES za mwanzo zinataka volti 5 na za baadaye 9, kwa hiyo soma chini ya mashine yenyewe. 9 ndani ya ile ya 5 haina msamaha.

Nintendo 64 ni rahisi kupita zote: umeme wake ni boksi linalochomolewa nyuma, na lile la Uingereza linazama kwenye mashine ya Japani na kutoa volti 12 na 3.3 zilezile. PlayStation ya kwanza, Saturn na Dreamcast zina umeme ndani, na tundu lake la waya wa umbo la nane linapokea waya wa redio yoyote bila kuuliza swali. Za Japani ni volti 100, kwa hiyo ni transfoma ya kushusha, au kubadilisha bodi ya umeme kwa ya Ulaya. Kazi hiyo mpe anayejua, kwa sababu kapasita kubwa ya bodi inayokula 230 inabeba karibu volti 325, na inaweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa.